Bibi Shamba Anajibu: Nimekuta bangi katikati ya mahindi ya marehemu baba

*Shikamoo Bibi Shamba. Baba alituachia heka 3 upande wa Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru. Mimi ni fundi friji, niko Dar es Salaam. Mama ndiye anaishi pale. Ana miaka 71, miguu inamsumbua, hawezi kushuka mpaka korongoni. Mwaka jana nilimkodishia kijana mmoja heka 2 za chini. Majirani hukodisha heka kwa Sh100,000 kwa msimu, yeye alinipa Sh250,000 kwa kila heka, taslimu, na maandishi hakutaka. Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia mama, nikashuka shambani. Mahindi ni mistari minne tu pembezoni. Ndani yote ni bangi, inanifika kifuani. Nilipompigia aliniambia nisiwe na hofu, mbona Malawi wameruhusu, kisha akanitumia Sh50,000 “ya mboga ya mama”. Mama sijamwambia. Je, niende usiku nikang'oe kimya kimya, au nimwache avune aondoke, nisimkodishie tena?*

*Mtoto wa kwanza, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiimaliza ninayemwona ni mama yako amekaa barazani hajui lolote, na korongo lile liko chini yake.

Usingoje avune. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haimshiki mkulima wa bangi peke yake. Inamtaja pia mwenye ardhi, anayeikalia na anayeisimamia, akiruhusu itumike kwa kilimo hicho. Shikilia neno hilo, kuruhusu. Mpaka wiki iliyopita hukujua. Leo unajua, na kila siku unayonyamaza inazidi kukuweka upande wa aliyeruhusu. Hukumu tunazozisikia kwa kosa hili ni za miaka 30 jela. Wewe uko Dar, huyo kijana atatimka akisikia gari. Atakayekutwa pale ni mama.

Hili nimelishuhudia kwa macho yangu. Nikiwa bado kazini, kulikuwa na mzee mmoja niliyemfundisha kuinua matuta ya vitunguu, mtu wa kazi, hata kahawa ya mtu hakuidokoa. Mpwa wake alipanda bangi bondeni mwa shamba. Mzee alijua, akaona haya kumshtaki mtoto wa dada yake, akasema akivuna yataisha. Askari walikuja alfajiri. Mpwa alishaondoka usiku ule. Mzee walimkuta nyumbani, jembe limeegemezwa ukutani lina udongo mbichi, maana jana yake jioni alikuwa akipalilia maharage. Alipandishwa kwenye gari amevaa ndala, moja ya bluu na moja nyekundu, na mkewe anamkimbilia na koti. Udongo ule wa maharage ulichukua muda mrefu sana kuelezeka.

Kung'oa usiku nako usithubutu. Ukikutwa njiani na mzigo wa miche ile utamweleza nani kwamba ulikuwa unaiteketeza? Kuwa nayo tu ni kosa. Tena huyo kijana na wenzake watakuwa wamepoteza fedha, na wanajua mama yako analala peke yake. Waache wenye mamlaka waje waione ilivyo, waihesabu na kuiteketeza wao.

Kesho omba ruhusa kazini, panda basi. Kabla ya jambo lolote mhamishe mama, akalale kwa dada yako au kwa shangazi hata wiki mbili, na umweleze ukweli mchana kweupe mkiwa wawili. Ni shamba la mumewe, ana haki ya kujua. Halafu nenda kwa mtendaji wa kijiji pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, toa taarifa ya maandishi yenye tarehe, na uombe nakala iliyogongwa muhuri. Kama una wasiwasi na mtu yeyote pale kijijini (na wasiwasi huo sikulaumu nao, vijiji vyetu navijua), anza na kituo cha polisi au piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Ukiweza, nenda na wakili. Usipokuwa na fedha, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama ninyi. Zile Sh50,000 usizitumie, ujumbe wake usiufute, na uzitaje kwenye taarifa yako. Ukizila, zitasomeka kuwa mgao.

Kuhusu Malawi, kijana amekupa nusu ya habari. Ni kweli Malawi ilipitisha sheria mwaka 2020, na Lesotho ilitangulia mwaka 2017 kwa bangi ya dawa. Lakini huko analima mwenye leseni. Rwanda nao wameifungulia mlango kwa ajili ya dawa za kuuza nje, na anayetaka kulima anadaiwa uzio, kamera na ulinzi. Afrika Kusini mtu mzima anaruhusiwa kwa matumizi yake ya faragha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeruhusu mtu akodi shamba la mjane na kuficha miche nyuma ya mistari minne ya mahindi. Hapa Tanzania hairuhusiwi.

Sasa, mwanangu, niseme nawe kama bibi shamba. Mtu akikupa zaidi ya mara mbili ya bei ya majirani na kukataa maandishi, anakulipa usishuke kuangalia. Ukikodisha tena, andikeni mkataba mbele ya mwenyekiti, utaje zao litakalopandwa na siku ambazo wewe au ndugu yako mtaingia kukagua. Kisha kagueni kweli. Ingieni katikati ya shamba, msiishie kusimama kwenye mpaka na kusifia mahindi.

Na hizo heka 2 zisilale. Nyanya za Ngarenanyuki zinasifika, ila zinataka maji na mtu wa kuziangalia kila siku, na wewe huyo mtu huna. Mimi ningepanda ngwara, zao la jamii ya kunde. Inavumilia ukame, inafunika ardhi magugu yasipate nafasi, palizi yake ni chache, na wanunuzi wa kuvusha Kenya huifuata mpaka kijijini. Ipande mvua za masika zikiwa zinaelekea mwisho, isije ikatoa maua ikiwa bado inanyeshewa. Mbegu muulize afisa ugani wa kata yako, na ukienda kumwona, mama awe amesharudi nyumbani.