Gita linaanzia sikioni

Nilipokwenda Katuba, hapa Lubumbashi, kumwomba mzee mmoja anifundishe gita, nilibeba daftari na kalamu. "Weka ile chini, mutoto. Imba kwanza," akaniambia. Akapiga nyuzi za besi peke yake kwa kidole gumba, polepole, nami nikafuata kwa mdomo: du, du-du, du. Nikikosea, anarudia bila kusema neno. Siku ile sikugusa gita kabisa, nikarudi nyumbani nimeudhika. Leo, kila anayeniuliza ataanzaje bila kusoma nota, namwanzishia palepale. Usichoweza kukiimba, vidole vitakitafuta bure.

Sisi wa Katanga, kusini mwa Kongo, hatuna sababu ya kuona haya kwa kupiga bila nota. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gita Jean Bosco Mwenda wa Bayeke mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini ukimsikiliza unaapa wapigaji ni wawili. Nota za muziki wake zilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa muziki David Rycroft alipoziandika kutoka kwenye rekodi. Gita lilitangulia, karatasi ikafuata.

Jifunze kulinganisha nyuzi kwa sikio, hata kama simu yako ina programu ya kazi hiyo. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba ni mi, la, re, sol, si, mi. Bana mi mnene kwenye freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gita), upate la ya uzi unaofuata. Endelea hivyo, isipokuwa uzi wa sol, ambao unabanwa freti ya 4 ili upate si. Nyuzi mbili zikikaribiana utasikia sauti inayumba, wa-wa-wa. Kaza kidogo kidogo. Kuyumba kunapungua, halafu kunatulia. Mimi kutulia kule bado kunanifurahisha kila asubuhi.

Tabu, ile michoro ya mistari 6 yenye namba za freti, itakusaidia. Inakuonyesha pa kubana, lakini nyingi hazisemi sauti idumu kwa muda gani. Sikiliza wimbo mpaka uujue, ndipo ufungue tabu.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa kwenye kwaya. Mwalimu alisema tunaanza na do, nikapiga akodi ya do, yaani sauti kadhaa kwa pamoja, kwa nguvu. Waimbaji walikuwa kwenye sol, na kanisa zima likageuka kunitazama. Kwenye solfa, ile do-re-mi ya kwaya, do ni nyumbani kwa wimbo, na nyumba hiyo inahama. Kwenye majina ya sauti ya Kifaransa niliyofundishwa, do haihami. Tangu siku ile nahesabu sauti kuanzia nyumbani kwa wimbo, napiga akodi tatu: ya kwanza, ya nne, ya tano. Wimbo ukikaa sol, napiga sol, do, re. Wakiupandisha hadi la, napiga la, re, mi. Nyimbo nyingi sana za ibada zinatembea kwa hizo tatu, na ukishazizoea utaanza kusikia wimbo unapotaka kurudi nyumbani kabla haujarudi.

Na umeme ukikatika jioni, usiliweke gita chini. Piga besi kwa gumba, ukiimba polepole, mkono wa kushoto ukitafuta freti gizani. Mimi nilianza kuacha kutazama vidole vyangu katika jioni za namna hiyo, bukari, ugali wetu, ikipikwa juu ya makaa na dada yangu akiniambia kila nilipokosea.