Muziki wa kasri la Korea: ni wa Kichina tu?

Uliyeuliza kama muziki wa kasri la Korea ni wa Kichina tu: nusu ndiyo, nusu hapana. Aak, ule wa matambiko, kweli ulitoka China. Mwaka 1116 mfalme Huizong wa China, wa nasaba ya Song, alimpelekea Yejong, mfalme wa Goryeo (Korea ya wakati huo), shehena ya ala, zikiwemo kengele za shaba na mawe ya kuning'iniza na kugonga.

Lakini karne ya 15 Mfalme Sejong alitaka mawe hayo yachongwe nyumbani, yakatoka Namyang, hukohuko Korea. Kumbukumbu za ufalme zinasimulia kwamba mwaka 1433 alisikia jiwe moja sauti yake imepanda kidogo. Pak Yeon, ofisa wake wa muziki, alipolikagua akakuta mstari wa wino wa kuonyesha pa kusaga bado upo, fundi hakusaga mpaka mwisho. Sikio hilo jamani!

Sejong huyohuyo alihoji: kwa nini Wakorea wasikie muziki wa kwao wakiwa hai, halafu wakifa wapigiwe aak? Tungo zake, zilizochota kwenye hyangak, muziki wa asili wa Korea, ziliingizwa mwaka 1464 katika ibada za wafalme waliotangulia pale Jongmyo, hekalu la mababu wa kifalme, Seoul. Hadi leo zinapigwa palepale, mawe na kengele zikiwemo.