Granji ni mtaa, si mtindo

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, majina ya mitindo ndani ya roki na metali yana kazi yoyote, na ni bendi gani msomaji angeihamisha kutoka kabati moja kwenda jingine hata kama watu watamzomea? Najua wengi watawajibu kwamba muziki ni muziki tu, na kwamba haya mambo ya thrashi, duumu na dethi ni ubishi wa vijana wasio na kazi. Mimi ni mbishi mwenye kazi, na nasema majina yanahitajika. Kinachoniudhi ni kwamba mengi kati ya tunayoyatumia hayasemi lolote kuhusu kinachosikika.

Anayedhani majina hayana faida akumbuke Februari 1989. Waandaaji wa tuzo za Grammy walikuwa wameanzisha, kwa mara ya kwanza, tuzo moja ya roki ngumu na metali kwa pamoja. Metallica, bendi ya metali ya Marekani, walikuwa wametoa albamu ya ...And Justice for All mwaka uliotangulia, na usiku wa tuzo walipiga wimbo wao "One" jukwaani. Alice Cooper na Lita Ford wakafungua bahasha: mshindi ni Jethro Tull! Waingereza wa roki yenye harufu ya folki, ambao kiongozi wao, Ian Anderson, anajulikana kwa kupuliza filimbi huku amesimama kwa mguu mmoja. Wao wenyewe hawakuwapo ukumbini, maana lebo yao haikutarajia kwamba wangeshinda. Ukumbi ukaguna, wengine wakazomea.

Sina ugomvi na Jethro Tull. Albamu zao za miaka ya 1970 ninazo na ninazisikiliza. Lakini wapiga kura walipewa kapu moja lenye vitu visivyofanana, wakachagua jina walilolizoea. Mwaka uliofuata tuzo ikagawanywa, roki ngumu ikawa na yake na metali na yake, na "One" ikashinda. Mwaka 1992 Metallica waliposhinda tena, mpiga ngoma wao Lars Ulrich aliwashukuru Jethro Tull kwa kutotoa albamu mwaka ule. Mzaha mtamu, ila ndani yake mna hoja yangu yote: bila jina, hata anayetaka kutenda haki hajui alinganishe nini na nini.

Kwangu jina zuri ni lile linalomwambia mtu ambaye hajawahi kuisikia bendi kwamba masikio yake yatakutana na nini. Ukiniambia duumu, nasubiri mwendo wa kujikokota na gitaa lililolegezwa nyuzi mpaka likawa zito kama radi ya mbali. Asili yake ni Black Sabbath wa Birmingham. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akaanza kulegeza nyuzi ili zisimsumbue. Ukiniambia thrashi, nasubiri kasi, na mkono wa kulia unaokwangua nyuzi huku kiganja kimeziziba. Ukiniambia dethi, nasubiri sauti inayotoka tumboni. Majina hayo tunayasikia mikononi na kooni mwa wapigaji, kwa hiyo yana haki ya kuwepo.

Sasa granji, jina walilobandikwa bendi za roki za Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inaeleza sauti gani? Nirvana walikuwa watoto wa panki wenye sikio la nyimbo tamu za redioni. Pearl Jam walipiga roki ya viwanja vikubwa ya miaka ya 1970. Soundgarden walikuwa na uzito wa Sabbath. Mudhoney walikuwa kelele za gereji. Kilichowaunganisha ni Seattle, ni mashati ya flaneli, na ni magazeti yaliyokwenda kuwatafuta baada ya Nevermind, albamu ya Nirvana, kutoka mwaka 1991. Magazeti yenyewe yalikuwa na njaa ya kutosha kudanganywa. Mwaka 1992 New York Times ilichapisha kamusi ndogo ya misimu ya vijana wa granji, kumbe Megan Jasper, aliyewahi kufanya kazi katika lebo ya Sub Pop, alikuwa ameyatunga maneno yote papo hapo kwenye simu! Watu wa bongo fleva wanaujua mtego huu: jina la mahali linabeba rapa, mwimba mapenzi na mpiga zuku, wote kwa pamoja.

Kwa hiyo hili ndilo oni langu lisilopendwa: Alice in Chains ni bendi ya metali. Sisemi tu kwamba iliathiriwa na metali, wala kwamba ina ladha ya metali. Ni metali. Sikilizeni gitaa la Jerry Cantrell wao kwenye albamu ya Facelift ya 1990, kisha kwenye Dirt ya 1992, mniambie kama hao ni ndugu wa Nirvana au wajukuu wa Iommi. Mwaka 1991 walizunguka Marekani wakifungua jukwaa kwa bendi za thrashi Slayer, Megadeth na Anthrax. Mashabiki wa Slayer wakawarushia kila kilichokuwa karibu, na bado walipanda tena usiku uliofuata. Tom Araya wa Slayer mwenyewe anasikika kwenye Dirt. Kama mwimbaji wao, Layne Staley, na wenzake wangezaliwa Birmingham, hakuna ambaye angebisha.

Wazee wetu wa dansi walilimaliza suala hili bila makelele. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, Juwata wakawa na Msondo, Maquis wakawa na Kamanyola. Mpe mgeni kanda mbili zisizo na majina umwulize ipi ni Sikinde na ipi ni Msondo, atabahatisha tu. Mtindo ulikuwa bendera ya bendi, na shabiki akiutaja alikuwa anakwambia Jumamosi utamkuta ukumbi gani. Hakuna aliyejifanya anapima sauti kwa mizani. Sisi wa metali ndio tunaochukua bendera, tukaivalisha joho la mtaalamu.

Na msiniletee hoja kwamba mwanamuziki mwenyewe ndiye mwenye kauli ya mwisho. Lemmy, kiongozi wa bendi ya Motörhead, alikuwa akiwaambia watazamaji kwamba wao ni Motörhead na wanapiga rokenroli, basi. Namheshimu marehemu, lakini kizazi kizima cha thrashi kilijifunza kasi kwake. Mpishi anaweza kukataa kwamba kaweka pilipili. Anayetokwa machozi ni mlaji.

Queen siwezi kuwahamisha wote, kwa sababu hakuna kabati linalowatosha. Wimbo mmoja tu nauchukua: "Stone Cold Crazy" wa mwaka 1974, dakika mbili na kidogo za kasi ambayo wakati ule hakuna aliyekuwa ameipa jina. Metallica waliupiga upya mwaka 1990, na mwaka uliofuata ukawapa tuzo ya metali ya Grammy ileile. Kisha Aprili 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, pale Wembley, James Hetfield wa Metallica aliuimba pamoja na Queen, na Iommi akiwa kwenye gitaa. Mtasema nampendelea Freddie kwa sababu alizaliwa Unguja. Basi nampendelea, ushahidi uko palepale.

Wanaonitoa jasho ni Duma wa Nairobi. Martin Khanja na Sam Karugu walitoka kwenye bendi za metali za jiji lile, wakaenda Kampala, na albamu yao ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2020. Wapo walioiita graindikoo, yaani metali ya kasi kupita kiasi, wapo walioiita muziki wa kelele, wapo walioiita wa kiviwanda. Mimi nasikia jambo jingine. Lebo hiyohiyo ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam, mwaka 2017, na yeyote aliyewahi kupita penye kigodoro Manzese usiku hatishwi na mwendo wa ngoma za Duma. Zikitokea bendi tatu au nne zinazofanana nao, tutawatafutia jina. Kwa sasa wakae nje ya makabati, juu ya meza, wanapoonekana.

Mwisho, kuna wale wanaotaka nyu metali, ile ya miaka ya 1990 iliyochanganywa na hip hop, ifukuzwe ukoo. Korn, tangu albamu yao ya kwanza ya 1994, wanapiga magitaa ya nyuzi saba yaliyoshushwa chini kuliko Sabbath walivyowahi kuyashusha. Anayewakatalia anabishana na traksuti zao.

Msomaji wenu,
Tanga