Muulize Shangazi: Likizo ya Simu Mkononi

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja: bustani kubwa za burudani za Marekani, na simu. Nimeongoza vikundi vya wageni Orlando, Florida, tangu enzi za vikaratasi vya kuruka foleni, kwa hiyo haya nayajua kwa macho, si kwa kusimuliwa. Nimechagua barua nne.

*Shangazi, shikamoo. Julai tunakwenda Walt Disney World, Florida: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 12, 8 na 4, na mama mkwe wangu. Nimetengeneza jedwali kwenye kompyuta, kila kisanduku dakika kumi na tano, hadi saa za kwenda chooni zimo. Mume wangu amelitazama akaniuliza kama kengele ya vipindi nitaigonga mwenyewe au ataajiriwa mtu. Imeniuma, maana dada yangu alikwenda mwaka jana bila mpango wowote, na siku nzima wakaambulia michezo mitatu ya kupanda. Niache au niendelee?*
— Mama Mpangaji

Marahaba, mwanangu. Mumeo ana ulimi, na nitamrudia. Kwanza nikueleze ulifikaje kwenye hilo jedwali, maana hukujitakia.

Zamani, pale Disneyland ya California iliyofunguliwa mwaka 1955, wageni walinunua vitabu vya tiketi zenye herufi. A ilikuwa ya vitu vidogo vidogo, na E, iliyoongezwa mwaka 1959, ya michezo mikubwa. Mtoto alijua ana E ngapi, na zikiisha, zimeisha. Vitabu hivyo viliondolewa mwaka 1982. Ukawa unalipa mara moja getini, halafu ndani kila mchezo unaulipia kwa kusimama.

Mwaka 1999 ikaja FastPass. Unachomeka tiketi yako kwenye mashine iliyo karibu na mchezo, inakutolea kikaratasi chenye saa ya kurudi, bure. Kila familia ilikuwa na mkimbiaji wake, mara nyingi mjomba mmoja hivi: anakusanya tiketi za wote mfukoni, geti likifunguliwa huyo, anakata bustani nzima hadi kwenye mashine za mwisho, na wenzake wanafuata taratibu na kigari cha mtoto. Wajomba wengine walirudi wamelowa jasho mpaka mgongoni, lakini walirudi wakicheka, na mbio zao zilikwisha saa tatu asubuhi. Baada ya hapo mjomba alikuwa likizo.

Kikaratasi kilipozikwa pale Disney World, mwaka 2014, mambo yakahamia kwenye simu na mkanda wa mkononi. Aliyelala hoteli za Disney aliruhusiwa kuchagua michezo yake siku 60 kabla, wengine siku 30. Hapo ndipo likizo ilipoanza kudai kazi miezi miwili kabla ya safari. Oktoba 2021 huduma ikawa ya kulipia, dola 15 kwa mtu kwa siku ilipoanza. Julai 2024 ikabadilishwa tena jina na utaratibu, ikawa Lightning Lane Multi Pass, pasi ya kupita njia ya haraka: mgeni wa hoteli za Disney anachagua siku saba kabla, mwingine siku tatu, kuanzia saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Ukishatumia nafasi moja ndani ya bustani, simu inakuruhusu kutafuta nyingine. Kwa hiyo ile mbio ya mjomba haikwishi saa tatu tena. Inaendelea mpaka fataki za usiku.

Na hili programu ya Disney ya kwenye simu haitakwambia. Treni ya Seven Dwarfs Mine Train haiongezi viti kwa sababu watu wamelipa. Anayepita njia ya haraka anakaa kwenye kiti ambacho angekalia aliyesimama upande wa pili. Siku moja simama pale njia mbili zinapokutana: mfanyakazi anapitisha kundi refu la wenye nafasi za simu, anawaachia kidogo wale wa foleni ya kawaida, kisha anarudi kwa wenye simu. Ndiyo maana dada yako alipata michezo mitatu, na ndiyo maana jedwali lako lina dakika za choo. Mmoja alibanwa na mipango ya wengine, na wewe umejifunza kuwabana wenzako. Foleni yenyewe ipo palepale. Imetoka tu kwenye miguu ya familia nzima ikaingia kwenye kidole cha mtu mmoja, na katika familia nyingi nilizoongoza, kidole hicho ni cha mama.

Basi panga, lakini hilo jedwali lichane. Julai Florida mvua ya radi inapenda kuja alasiri, na ikija, michezo ya nje hufungwa. Visanduku vyako vya saa tisa hadi saa kumi na moja vitakufa vyote pamoja, na utakaa chini ya paa umenuna huku watoto wanacheza kwenye madimbwi. (Nafasi yako ikiangukia mchezo uliofungwa, haipotei. Simu itakupa ruhusa ya kurudi baadaye au kuitumia kwenye mchezo mwingine. Usikimbilie dirisha la malalamiko.)

Badala yake kila mtoto achague kitu kimoja kwa siku, kile ambacho akikikosa atalia kweli. Mama mkwe wako naye apewe kura. Hivyo ndivyo utakavyovitafutia nafasi, na vinavyobaki mtavipata mkivipata. Nenda asubuhi kabla geti halijafunguliwa, maana saa ya kwanza foleni ni fupi hata kwa asiyelipa, halafu mchana rudini hoteli mlale. Najua inauma kulala wakati tiketi inaungua. Laleni tu.

Huyo wa miaka minne mpime urefu nyumbani, amevaa viatu atakavyovaa. Seven Dwarfs na Slinky Dog Dash wanataka sentimita 97, Space Mountain 112, TRON 122. Nimeona mtoto akiambiwa "bado hujafika" baada ya foleni ya saa nzima, na kilio kile kilisikika mbali. Kama hafiki, ombeni Rider Switch mlangoni: mzazi mmoja anapanda na wakubwa, mwenzake anabaki na mdogo, kisha wanapokezana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Haina malipo, na ajabu ni wangapi hawaijui. Mama mkwe mpandishe PeopleMover pale Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney World. Ni vigari vinavyotambaa juu kwa juu, kuna kivuli na upepo, na hapana wa kumgeuza kichwa chini.

Mtaonyeshwa pia pasi ya wakubwa, Lightning Lane Premier Pass, ya kupita njia za haraka bila kuchagua saa. Ilipoanza mwishoni mwa 2024 bei yake ilifika hadi dola 449 kwa mtu mmoja, siku moja, bustani moja. Nyinyi ni sita. Piga hesabu ukiwa umekaa.

Na mumeo, mpe zamu ya saa moja asubuhi. Awe yeye wa kuamka, kufungua programu na kupigania nafasi. Aliyeulizia kengele apewe kengele.

*Bibie, salaam. Niliwapeleka wanangu Disneyland, Anaheim, mwaka 1988. Tuliingia na ramani ya karatasi, tukatembea, tukacheka. Sasa wanangu hao hao wanataka tuwapeleke wajukuu, na nimeongezwa kwenye grupu la simu lenye ujumbe usiokwisha. Mimi simu natumia kupiga na kupokea. Je, ipo bado bustani ambayo mzee anaweza kuingia akafurahi bila kitu hicho?*
— Babu wa Ramani

Shikamoo, mzee wangu. Ipo, na nitakupeleka. Ila niruhusu nikubishie kidogo. Mwaka 1988 mchezo wa Star Tours ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo. Ulipozinduliwa Januari 1987, Disneyland ilikaa wazi saa 60 mfululizo kuupokea, na watu walijaa usiku na mchana. Bila shaka nanyi mlisimama juani mahali fulani, mtoto mmoja akidai maji na mwingine akidai choo, hakuna wa kuwaambia kwamba ng'ambo ya pili kuna mchezo mtupu. Kicheko umekitunza, foleni umeisahau, na ni haki yako. Lakini simu inayoonyesha kwamba huku ni dakika 90 na kule ni 15 imewaokoa watoto wengi, nisiionee. Hata chakula: kuagiza kwa simu na kukikuta tayari dirishani ni bora kuliko kushika trei nusu saa.

Ninachokichukia mimi ni ile sura. Familia imekaa kwenye kivuli, kasri liko mbele yao, gwaride linapita, na watu wazima watatu wameinamisha vichwa wanaburuza skrini chini, chini, chini, wakingoja nafasi ya saa kumi igeuke kuwa ya saa nane. Mtoto anapungia mkono wahusika peke yake.

Sasa safari yako. Iko bustani iitwayo Knoebels, Elysburg, jimbo la Pennsylvania. Kuingia bure, kuegesha gari bure. Unalipia unachopanda tu, kwa hiyo babu asiyepanda kitu halipi kitu. Wana rolakosta ya mbao, yaani treni ya kupanda na kushuka kwa kasi, iitwayo Phoenix, iliyojengwa kwanza San Antonio, Texas, mwaka 1947, kisha ikatenganishwa vipande, ikasafirishwa na kusimamishwa upya hapo mwaka 1985. Wajukuu waachie hiyo. Wewe nenda kwenye jukwaa la farasi wa kuzunguka, Grand Carousel, ukae farasi wa nje. Kila ukipita unanyoosha mkono unachomoa pete kwenye mkono wa chuma. Nyingi ni za kawaida, lakini atakayechomoa ya shaba anapanda tena bure. Hakuna anayeweza kuiwekea nafasi pete hiyo siku saba kabla.

Wanao waking'ang'ania Disney, usikatae safari. Waambie tiketi yako unaitaka kwenye kadi, si ndani ya simu, na ramani ya karatasi uliza getini. Kila siku mkubaliane saa moja na mahali pamoja pa kukutana. Foleni ya kawaida haijafutwa, na mtu asiye na haraka anapata ndani yake kiti cha mazungumzo na mjukuu ambacho hakiuzwi. Na hilo grupu la simu, lizime sauti.

*Shangazi, jirani yangu anasema kuna watu wanaokupangia safari ya Disney bure kabisa, hata nafasi za mikahawa wanakuwekea. Bure ya wapi hiyo?*
— Mwenye Shaka

Ni kweli, na shaka yako pia ni nzuri. Mawakala wa safari waliosajiliwa na Disney hulipwa kamisheni na Disney yenyewe unapolala na kununua tiketi kupitia kwao, kwa hiyo wengi hawakutozi wewe. Kwa mtu asiye na muda wanafaa, hasa kwa mikahawa, maana meza zinafunguliwa siku 60 kabla na zile zenye wahusika wa sinema huondoka haraka. Muulize tu mwanzoni, kwa maandishi: unanitoza nini, na nikighairi nani anarudisha pesa? Mtu anayekuomba nywila ya akaunti yako na pesa kwa njia ya kutumiana simu hadi simu, bila stakabadhi, mwache aende zake. Na ukumbuke kwamba wakala hatembei nawe. Ukishaingia getini, simu inarudi kwako.

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 15. Baba ametangaza kwamba tukienda Orlando simu zote zitabaki hotelini isipokuwa yake. Anasema tufurahie kama familia. Ni haki kweli?*
— Binti wa Simu

Marahaba, binti. Nia ya baba yako ni njema na mpango wake ni mbovu. Tiketi za familia nzima ndani ya simu moja, na simu hiyo ndani ya mfuko wa mtu anayepanda Space Mountain gizani? Ikidondoka, mmekwama wote. Ikizima, vilevile, na itazima: ramani, picha na kuburuza skrini kutwa nzima kwenye jua la Florida humaliza chaji kabla ya saa kumi jioni.

Mwendee na pendekezo badala ya malalamiko. Simu mbili ziingie bustanini, yake na yako. Zote ziunganishwe na safari ileile, ili tiketi na nafasi zionekane kwenye zote mbili. Wewe ushike programu asubuhi mpaka saa sita, yeye alasiri, na asiye na zamu simu yake ikae kwenye mkoba imezimwa data. Vidole vyako ni vyepesi kuliko vyake na anajua. Mwambie kwamba zamu yako hutapiga picha hata moja ya kurusha mtandaoni. Utimize hilo, la sivyo siku ya pili utaongozwa na baba anayetafuta miwani ya kusomea.

Pawabenki chajini usiku, mbili, na waya wake msiusahau. Andikeni namba ya simu ya mama kwenye karatasi ndani ya kiatu cha mdogo wenu. Kisha mwonyeshe baba ukurasa huu, ila ile sentensi ya miwani uifunike na kidole.