Lini lugha ya kiwango cha juu haiufai mradi: jibu kwa mleta mada

Mleta mada ameeleza kwamba timu yake inaunda kifaa kinachosoma vihisi na kuendesha mota, kwamba wenzake wanataka kila kitu kiandikwe kwa Python, na ameuliza ni wakati gani lugha ya kiwango cha juu kama hiyo huwa haiufai mradi. Wachangiaji wengi waliotangulia wamejibu kwa neno moja tu, yaani kasi. Nimefanya kazi upande wa vifaa na upande wa seva pia, na kwa niliyoyaona, kasi ya wastani ndiyo sababu dhaifu kuliko zote. Lugha ya kiwango cha juu hukurahisishia kazi kwa kukuficha mambo: kumbukumbu imetengwa wapi na itaachiwa lini, data imepangwaje, na ni nani anayeamua programu isimame kidogo. Haifai pale ambapo jambo lililofichwa ndilo hasa ambalo mradi wako unapaswa kuliahidi.

Nianze na muda, kwa kuwa ndio unaomhusu mleta mada moja kwa moja. Niliwahi kuitwa kusaidia mradi ambao kompyuta ndogo yenye mfumo endeshi wa Linux ilikuwa ikidhibiti mota kwa programu ya Python. Kila milisekunde 1 programu ilitakiwa isome mahali mhimili ulipo, ikokotoe tofauti kati ya hapo na panapotakiwa, kisha irekebishe nguvu inayokwenda kwenye mota. Ukipima wastani, mambo yalikuwa shwari: hesabu ya kila mzunguko ilimalizika mapema na muda ukabaki. Hata hivyo mota ilikuwa ikishtuka mara moja moja bila mpangilio, na waliokuwa wakiitazama walidhani gia zimelegea. Tulipoachana na wastani na kurekodi muda wa kila mzunguko peke yake, tukaona kwamba mizunguko mingi mno ilikuwa sawa, ila michache ilichelewa kwa makumi ya milisekunde. Katika muda huo mota iliendelea kusukumwa kwa amri ya zamani, na programu ilipozinduka ilikuta tofauti kubwa, ikaisahihisha kwa kishindo.

Sababu zilikuwa mbili na zilichanganyikana. Ya kwanza ni mkusanyaji taka wa Python, yaani sehemu ya lugha inayoachia kumbukumbu isiyotumika tena, ambaye hupitia vitu vilivyomo kwenye kumbukumbu kwa wakati anaoujua mwenyewe. Ya pili ni Linux yenyewe, ambayo kwa mipangilio yake ya kawaida haiiahidi programu yoyote kwamba itaamshwa kwa saa yake. Hili la pili husahaulika, na ndiyo maana kuiandika programu ileile kwa C, lugha inayokuachia mambo hayo uyasimamie mwenyewe, juu ya Linux ileile kungeondoa sehemu tu ya tatizo. Dawa ikawa kuuhamishia mzunguko ule kwenye maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, ambako saa ya ndani ya chipu hukatiza kazi nyinginezo na kuuita mzunguko huo kila milisekunde.

Upande wa seva hali ni hiyo hiyo, ila kwa vipimo vikubwa zaidi. Mwaka 2020 Discord, kampuni ya huduma ya mazungumzo mtandaoni, walieleza hadharani kwa nini waliiandika upya kwa lugha ya Rust huduma yao mojawapo iliyokuwa imeandikwa kwa lugha ya Go. Go ilikuwa ikilazimisha ukusanyaji taka angalau kila baada ya dakika 2, na kila zamu hiyo ilipofika, muda wa kujibu ulipanda ghafla. Taka zenyewe zilikuwa chache; kilichochukua muda ni kuipitia akiba nzima ya data ili kuhakikisha kwamba bado inatumika. Go si lugha ya polepole hata kidogo, kwa hiyo anayebishana kuhusu kasi peke yake hawezi kukieleza kisa hiki.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Chipu ya ATmega328P, iliyomo kwenye bodi ya Arduino Uno R3, ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. MicroPython, ambayo ni Python iliyopunguzwa makusudi kwa ajili ya vifaa vidogo, inahitaji takribani kilobaiti 256 za programu na 16 za kumbukumbu. Hapo hakuna cha kujadili. Kwenye kompyuta kubwa hesabu hiyo hujificha, lakini haitoweki: katika Python ya kawaida ya biti 64, namba ndogo nzima huchukua baiti 28, na orodha inayoibeba huongeza kielekezi cha baiti 8 kinachoonyesha namba hiyo iko wapi. Orodha ya namba milioni 100 zilizo tofauti hufikia gigabaiti 3.6, wakati safu ya C yenye namba za baiti 4 ingetosha kwenye megabaiti 400. Kwa bahati nzuri NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, hulimaliza tatizo hili kwa kupanga data kama C inavyoipanga, mradi tu usianze kuzichambua namba hizo moja moja kwa kitanzi cha Python, kwani hapo unairudisha gharama yote uliyoikimbia.

La tatu huwa halitajwi sana, nalo ni siri. Mradi unaoshika funguo za usimbaji mara nyingi hutakiwa kuzifuta kwenye kumbukumbu mara tu kazi inapokwisha. Katika Python na Java matini (mfuatano wa herufi) haibadiliki baada ya kuumbwa, kwa hiyo huwezi kuiandika juu kwa sifuri. Unaweza tu kuiacha na kungoja, bila kujua nakala zake zimebaki wapi. Hata C ina mtego wake, maana kompaila, yaani programu inayoigeuza C kuwa lugha ya mashine, inaweza kuiondoa amri ya kufuta ikiona kwamba sehemu ile haisomwi tena, na ndiyo sababu kuna vitendaji maalumu visivyoondolewa hivyo, kama explicit_bzero.

Kuhusu viini vya mifumo endeshi na draiva, yaani programu zinazoongea na vifaa moja kwa moja, sitasema mengi. Kiini cha Linux kimeandikwa kwa C pamoja na asembli kidogo, na Rust, iliyokaribishwa katika toleo la 6.1 la Desemba 2022, haina mkusanyaji taka.

Nisieleweke kwamba nawashawishi watu wakimbilie C. Heartbleed, dosari maarufu ya usalama ya mwaka 2014, ilitokana na programu ya C kusoma kupita mpaka wa kumbukumbu, na mwaka 2019 Microsoft walisema kwamba takribani asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama wanaourekebisha kila mwaka unatokana na makosa ya kumbukumbu. Aidha, programu inayoshinda ikisubiri hifadhidata au mtandao haitafaidika kwa kubadilishiwa lugha. Nimewahi kuona timu ikijiandaa kuhamia C++ wakati ucheleweshaji wote ulikuwa kwenye ulizo moja la hifadhidata lisilo na faharasa ya kuharakisha utafutaji.

Kwa mleta mada, ningeugawa mradi. Mzunguko wa mota uandikwe kwa C kwenye maikrokontrola. Rekodi, mipangilio na skrini vibaki kwa Python, na pande hizo mbili ziunganishwe kwa laini ya mfuatano, inayopitisha biti moja moja. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, baiti moja huingia kila baada ya mikrosekunde 87 hivi, na chipu isiyo na foleni ya kutosha hulazimika kuichukua kabla nyingine haijakamilika. Python haiwezi kuahidi hilo, lakini haihitaji kuahidi, kwa sababu draiva ya mfumo endeshi hukusanya baiti hizo kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, na Python huzisoma ikipata nafasi. Kabla ya kuandika chochote, mkubaliane mota inaweza kuvumilia ucheleweshaji wa kiasi gani, kisha mpime mzunguko uliochelewa kuliko yote, tena mashine ikiwa imeelemewa. Na muweke kanuni kwamba maikrokontrola isipopokea ujumbe kutoka kwa Python ndani ya muda mliokubaliana, iizime mota yenyewe bila kusubiri amri.