Muulize Fundi: Mwanga Umefika na Namba Gani?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu faiba, ule waya wa uzi wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, na nyingi ni za hapa hapa Mwanza. Naanza na ya Igogo kwa sababu imeniuma.

Habari za kazi, fundi. Nina nyumba ya wageni Igogo, juu kabisa kwenye mawe. Kila baada ya siku chache taa ya LOS inawaka nyekundu, wageni wanalalamika. Fundi aliyekuja alisema ruta imechoka. Nimenunua mpya, taa bado inawaka. Nifanyeje?
*Mama mwenye gesti, Igogo*

Shikamoo mama, na pole kwa hela iliyokwenda bure. LOS ni kifupi cha “loss of signal”, na taa hiyo ikiwaka nyekundu maana yake kifaa hakipokei mwanga. Tatizo liko njiani, kwenye waya, na hakuna ruta ya dukani inayoweza kulitibu.

Nguvu ya mwanga inapimwa kwa dBm, na unaopotea njiani unahesabiwa kwa desibeli. Namba inayosomeka nyumbani huwa hasi: kadiri inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo mwanga ulivyo hafifu. Tufanye hesabu pamoja. Chukua mtambo wa mtoa huduma unaotoa mwanga wa 3 dBm. Njiani kuna splita, kile kiboksi kinachogawa mwanga mmoja kwa nyumba nyingi. Ukigawa kwa 8, kisha kila tawi ukaligawa tena kwa 8, umepoteza kama desibeli 21. Kilomita tano za waya zinakula chini ya desibeli 2. Konekta na maungio, weka 1. Kwako tutegemee kusoma karibu -21. Vifaa vingi vya majumbani huanza kushindwa kwenye -27 hivi, kwa hiyo akiba yako ni desibeli 6 tu. Kila desibeli 3 zikipotea, mwanga umebaki nusu.

Sasa tazama waya unavyopanda huko kwenu. Mtaro hauchimbiki kwenye jiwe, basi waya unavutwa juu ya mwamba, unakunjwa kwenye ukingo, unapigiliwa msumari. Uzi wa kioo haupendi kona kali: mwanga unatoka nje ya kiini na kupotelea kwenye ganda lake. Faiba ya kawaida, aina ya G.652.D, inataka mkunjo wenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 30. Ile ya G.657.A2 inavumilia hadi milimita 7.5, na kwa nyumba za milimani hiyo ndiyo ningeweka kila mahali. Niliwahi kuitwa nyumba moja Mabatini, pawa mita, kile kipimo cha mwanga, ikasoma -29. Nilipong'oa msumari mmoja na kuulegeza waya kwenye kona ya jiwe, ikapanda hadi -22. Hakuna kifaa kilichobadilishwa. Na kwa kuwa jua na upepo vinauvuta waya na kuulegeza, ugonjwa wa namna hii huja na kuondoka, kama wako.

Kwa hiyo, mama, fundi akija tena mwambie apime mahali pawili: kwenye boksi la nguzoni na kwenye ncha inayoingia kwenye kifaa. Nguzoni kukiwa kuzuri na ndani kubaya, kosa liko kwenye kipande cha waya kati ya hapo. Asiondoke kabla hajaandika namba hizo mbili na tarehe kwenye karatasi, ukaibandika ukutani karibu na kifaa. Siku taa ikiwaka tena, utakuwa na cha kulinganisha. Ni haki yako kama mteja, na fundi anayeijua kazi yake haoni tabu kukupa.

Fundi, mwangaluka. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Nyegezi. Nina waya wenye konekta ya kijani na adapta ya bluu. Zimeingiliana vizuri, lakini mtandao unasuasua. Rangi zina maana kweli?

Mwangaluka, mdogo wangu. Zina maana kubwa. Ya bluu ni UPC, uso wake umesuguliwa ukawa karibu wima. Ya kijani ni APC, imekatwa mshazari kwa nyuzi 8 ili mwanga unaorudi nyuma usimrudie aliyeutuma. Ukizikutanisha, nyuso hazigusani, panabaki upenyo wa hewa, na hapo unapoteza desibeli kadhaa. Unaweza pia kuukwaruza uso wa kioo. Kijani kwa kijani, bluu kwa bluu.

Ukishapata adapta sahihi, safisha kabla ya kuchomeka. Kiini cha faiba ya singomodi, ile yenye njia moja nyembamba ya mwanga, kina upana wa mikroni 9 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), unywele una kama 70, kwa hiyo punje ya vumbi usiyoiona inatosha kuziba njia. Usipulize kwa mdomo, usifute kwa shati. Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya 99%; spiriti ya kufutia vidonda ina maji mengi na inaacha alama. Kifuniko kidogo cha plastiki usikitupe, kirudishe kila unapochomoa.

Nina maduka mawili ya vifaa vya ofisi Nyakato, moja kila upande wa barabara, kama mita 350. Nataka yatumie mtandao mmoja. Muuzaji ananishauri moduli za kilomita 80 “kwa ajili ya nguvu”. Unasemaje, kaka?

Achana nazo. Moduli ni kile kifaa kidogo cha kutuma na kupokea mwanga kwenye ncha ya faiba, na ya kilomita 80 inatuma mwanga mkali uliokusudiwa kuchoka njiani. Kwa mita 350 hauchoki, unafika na nguvu zote na unaweza kuua kipokezi cha upande wa pili. Anayelazimika kuitumia kwa umbali mfupi huweka kipunguza mwanga katikati. Wewe huna sababu ya kununua tatizo kisha ununue na dawa yake.

Uko sahihi kufikiria faiba, maana waya wa shaba wa mtandao unaishia mita 100. Chukua singomodi, hata kama ni nyuzi mbili tu, na vifaa vya kilomita 10 au 20. Kuna vile vinavyotumia uzi mmoja kutuma na kupokea. Vinauzwa kwa jozi: aina A inatuma mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1310 na kupokea wa 1550, aina B inafanya kinyume chake. Soma lebo ukiwa bado dukani. A mbili hazisikilizani kamwe, na watu wengi hurudi nazo nyumbani wakidhani waya ndio mbovu. Uzi wa pili uache kama akiba. Kabla ya kuvusha waya barabarani uliza barabara ni ya nani, TANROADS au TARURA, uombe kibali. Nguzo za TANESCO usizitundikie kitu bila ruhusa.

Radi za huku ziwani zinatisha. Tangu tuwekewe faiba Isamilo mume wangu anachomoa kila kitu wingu likitanda. Kioo kinavuta radi?

Kioo hakipitishi umeme, dada, lakini mumeo aendelee hivyo hivyo. Waya mwingi wa nguzoni una kamba ya chuma ubavuni ya kuubeba, na kamba hiyo inapitisha umeme. Inatakiwa ikatwe na kufungwa kwenye ndoano nje ya nyumba, uingie uzi peke yake. Toka nje utazame. Ukiona chuma kimeingia hadi sebuleni, waite warekebishe. Njia nyingine ya radi ni adapta ya umeme ya kifaa, na waya wa shaba unaokwenda kwenye kamera za nje. Hivyo ndivyo vya kuchomoa.

Mtoto wangu alichomoa waya akachungulia, akasema hamna mwanga. Ni salama?

Hapana, asirudie. Mwanga huo jicho haliuoni, lakini upo. Kutokuona kitu si uthibitisho kwamba waya umekufa. Kipande cha uzi kikivunjika, kiokote kwa utepe wa gundi, usikiguse kwa kidole: kinazama kwenye ngozi na hakionekani.

Mwalimu wa Nansio, Ukerewe, anauliza: Mei 2024 intaneti ilisumbua nchi nzima, wakaambiwa ni mikongo ya baharini. Sisi tunatumia mnara wa simu, tena tuko katikati ya ziwa. Bahari inatuhusu nini?

Mwalimu, mnara unakubeba kipande cha mwisho tu. Nyuma yake data inapita kwa mawimbi au kwa faiba hadi kwenye mkongo wa nchi kavu, inashuka Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya unachofungua kutoka nje ya nchi inavuka bahari. Huko tunategemea mikongo ya baharini kama Seacom, iliyofika mwaka 2009, na EASSy, iliyofika 2010. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilipata hitilafu, na trafiki ikabidi isongamane kwenye njia chache zilizobaki. Kuunga mkongo wa baharini kunahitaji meli maalumu ifike, ivue ncha zote mbili, iziunge juu ya sitaha. Masomo ya video unayoyategemea yapakue mapema, uyaweke kwenye kompyuta ya shule, ili siku mikongo ikikatika kipindi kisikwame.