Protini husoma DNA bila kuifungua

Kaka, umeuliza kama protini lazima ifungue DNA ndipo isome mfuatano wake. Hapana, haihitaji kuzitenganisha nyuzi mbili. Kingo za besi (zile "herufi" A, T, G na C za DNA) zinafikika kwa nje, kwenye mfereji mkubwa wa ule msokoto, na kila jozi, A-T au G-C, ina mpangilio wake wa sehemu za kuunda bondi za haidrojeni. Protini nyingi huchomeka humo kipande chao kilichosokotwa kama springi (heliksi) na kupapasa. Mfano ninaowapa kidato cha sita hapa Temeke ni kizuizi, yaani protini inayozima jeni za kutumia laktosi (sukari ya maziwa) katika bakteria E. coli: kikiishika DNA, jeni hazinakiliwi kuwa RNA; laktosi ikiingia, zao lake hukifanya kiachie. Ila si zote hupitia mfereji mkubwa. Protini iitwayo TBP hushika mfereji mdogo, penye mfuatano wa besi TATA, na kuikunja DNA karibu digrii 80.